Nathibitishaje kuwa opera ya kisa cha Kigiriki ni fumbo la siasa? (The Bassarids ya Henze)

msoma_libreto:

Salaam wakuu. Naandaa mada ya dakika 30 kuhusu visa vya Ugiriki ya kale vinavyotumika kama fumbo la kisiasa katika opera za karne ya 20. Kazi yangu kuu ni The Bassarids ya Hans Werner Henze, libreto (maneno ya opera) ya W. H. Auden na Chester Kallman, iliyotokana na tamthilia ya Euripides, Bacchae.

Hoja yangu kwa sasa: mfalme Pentheus wa Thebes ni dikteta, mungu Dionysus ni uhuru wa vijana, na opera yenyewe ilitabiri maandamano ya vijana ya 1968 huko Ulaya. Msimamizi ameirudisha kwa swali moja tu: ushahidi uko wapi ndani ya muziki? Nilichonacho mkononi ni maneno ya libreto na picha za mavazi.

Naomba mnisaidie. Je, hoja inashika? Ushahidi wa muziki unatafutwaje na mtu anayesoma nota kwa kusuasua? Na nilinganishe na opera zipi? Wasikilizaji wangu ni watu wa kwaya na wa fasihi, opera hawajawahi kuiona jukwaani.

pazia_jekundu:

Mkuu, hoja hiyo iache mapema, maana itakuangusha dakika za mwisho za opera yenyewe. Mfuate Dionysus mpaka mwisho uone uhuru wake unawafikisha watu wapi. Anampeleka Pentheus mlima Cithaeron akiwa amevishwa nguo za kike, kisha anamwacha mikononi mwa kundi linalomrarua vipande, mama yake mzazi, Agave, akiwa mstari wa mbele. Akishamaliza anaufukuza ukoo wote, pamoja na mzee Cadmus, babu yake Pentheus, ambaye tangu mwanzo alikuwa na hofu ya kumkosea mungu yeyote. Anaamuru ikulu ichomwe moto. Umati unabaki umesujudu. Huwezi kusimama mbele ya watu ukaita huo ukombozi.

Na Pentheus naye hafai kuitwa dikteta tangu ukurasa wa kwanza. Ni mfalme kijana, amefunga, anataka kuing'oa imani anayoiona ni ushirikina. Anauzima moto wa kwenye kaburi la Semele, mama yake Dionysus, kwa joho lake mwenyewe na kutangaza kifo kwa atakayeuwasha tena. Baadaye mateka wanaletwa kutoka mlimani, na anaamuru wateswe ili waseme. Kwa hiyo unayemwona ni mtawala aliyeanza kwa kuiamini akili akaishia kwenye mateso. Ukimbandika jina mwanzoni, safari hiyo umeifuta, na siasa ya kazi hii imo ndani ya safari hiyo.

Kuhusu 1968 ni suala la kalenda. Onyesho la kwanza lilikuwa Salzburg, 6 Agosti 1966, likiongozwa na Christoph von Dohnányi. Neno "kutabiri" litakuletea maswali usiyoweza kuyajibu. Sema hivi: wakurugenzi wa jukwaa waliokuja baada ya 1968 waliisoma kwa macho ya 1968. Hiyo ni historia ya maonyesho, iweke kwenye aya yake. Ukitaka muktadha wa mtunzi, alizaliwa 1926, akavalishwa sare ya jeshi la Ujerumani 1944 akiwa bado kijana mdogo. Mtu wa rika hilo, katika nchi hiyo, alikwisha kuuona kwa macho yake umati unaohamia upande mwingine.

Sasa fumbo liko wapi? Mimi nasema liko kwenye kwaya, na wasikilizaji wako ni watu wa kwaya, kwa hiyo una bahati.

Sikiliza mwanzo kabisa. Raia wa Thebes wamekusanyika kumsifu mfalme mpya. Wanaimba kwa pamoja, kwa uzito, mithili ya watu wanaosoma risala. Halafu kutoka nje ya jukwaa, mbali, inasikika sauti ikiita: Ayayalya. Inatangaza kwamba Dionysus ameingia Boeotia, nchi ya Thebes. Sifa za Pentheus hata hazijapoa midomoni, watu walewale wanalidaka lile neno na kuanza kuondoka kwenda mlimani. Hakuna aliyewalazimisha, wala hakuna kundi la pili linaloingia badala yao. Jukwaani wanabaki watu wa ikulu peke yao, na tangu hapo mfalme anatawala mji usio na watu.

Linganisha hapo na Euripides. Kwake yeye kwaya ni wanawake wageni waliofuatana na mungu kutoka Asia. Wanawake wa Thebes nao wamepagawa, lakini wako mlimani, hatuwaoni mpaka Agave anaporudi mwishoni, tunasimuliwa tu na wajumbe. Auden na Kallman wameigeuza: kwaya ndiyo raia, na raia ndio wanaogeuka kuwa Bassarids, yaani wafuasi wa Dionysus, mbele ya macho yetu. Kwa Euripides unaweza kujidanganya kwamba wazimu umeletwa na wageni. Kwenye opera mlango huo umefungwa. Badiliko hilo peke yake ni ushahidi wa kisiasa wenye uzito kuliko picha zako zote za mavazi, kwa sababu liko kwenye libreto na kwenye nota, halitegemei mkurugenzi.

Ushahidi wa pili ni umbo. Henze ameijenga opera nzima kama simfoni ya sehemu nne bila kufunga pazia: sonata, skerzo (ya kasi), adajio (ya polepole) yenye fuga (sauti zinazofukuzana kwa wazo moja), na mwisho pasakalia. Kwenye sonata kuna pande mbili zinazopingana, hapo ndipo ulimwengu wa Pentheus na wa Dionysus vinapambana. Pasakalia imejengwa juu ya wazo moja linalorudiwa na kurudiwa huku mengine yakibadilika juu yake. Waeleze watu wa kwaya hivi: chukua besi waimbe mstari mmoja uleule bila kuacha, wengine wote wabadilishe maneno na sauti, lakini hakuna anayeweza kutoka nje ya ule mstari. Agave anapozinduka na kugundua alichokibeba ni kichwa cha mwanawe, muziki uko ndani ya mzunguko huo. Opera imeanza na mgogoro wa pande mbili na imeishia kwenye duara lisilo na mlango. Hoja yako mpya ianzie hapo.

Usiruke maneno ya Agave karibu na mwisho. Anamkabili Dionysus na kuwakumbusha miungu yaliyowapata Uranus na Chronos waliotawala kabla yao: Tartarus, shimo la kuzimu, inawasubiri na ninyi. Mama aliyemwua mwanawe kwa mikono yake ndiye pekee anayethubutu kumwambia mtawala mpya kwamba zamu yake nayo itakwisha.

Tahadhari mbili za kiufundi, zote zinaumiza watu. Libreto iliandikwa kwa Kiingereza lakini Salzburg iliimbwa kwa Kijerumani, na rekodi zipo za lugha zote mbili. Ukinukuu Kiingereza huku klipu inaimba Kijerumani, msikilizaji makini atakukamata. Pia kuna matoleo mawili. La 1966 lina igizo dogo katikati ya sehemu ya tatu, hukumu ya Calliope, ambapo Pentheus anaoneshwa tamaa zake mwenyewe: Agave anakuwa Venus, dada yake Autonoe anakuwa Proserpine, kapteni wa walinzi anakuwa Adonis, na mtabiri kipofu Tiresias anakuwa Calliope. Henze aliliondoa kwenye toleo la 1992. Angalia rekodi yako ni ya toleo gani kabla hujaandika hata dakika moja ya klipu, la sivyo namba zako zote zitapishana.

kinanda_cha_mkono:

Naungana na pazia_jekundu. Naongeza upande wa ala, kwa sababu hapo ndipo asiyesoma nota vizuri anaweza kupata ushahidi mgumu. Huhitaji kuchambua kila noti. Fungua ukurasa wa kwanza wa nota unaoorodhesha ala, kisha pitia kila tendo ukiuliza: ala gani zimekaa kimya, na ni wakati nani anaimba?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni King Priam ya Michael Tippett. Tendo la pili ni vita vya Troy, na tendo lote halina ala za nyuzi za okestra. Hakuna vayolini, hakuna chelo. Ni shaba, mbao za kupuliza, piano na ngoma. Hata asiyejua opera atasikia ukavu ule, sauti haina pa kuegemea. Katikati ya ukavu huo Achilles, shujaa wa Wagiriki, yuko hemani mwake, anaimba kwa gitaa moja tu akiikumbuka nchi yake yenye udongo mzuri. Gitaa hilo ndilo kitu laini pekee katika tendo zima, na liko mikononi mwa muuaji ambaye baada ya muda mfupi atafunga tendo kwa ukelele wa vita. Siasa ya vita iko hapo kwenye orodha ya ala, huhitaji kumvalisha mtu kombati.

Muktadha wake nao ni thabiti. Onyesho la kwanza lilikuwa Coventry, 29 Mei 1962, kwenye sherehe za kanisa kuu jipya lililojengwa baada ya lile la zamani kuteketezwa na mabomu Novemba 1940. War Requiem ya Benjamin Britten, misa ya wafu ya kupinga vita, ilisikika mjini humo siku iliyofuata. Tippett mwenyewe alifungwa 1943 kwa kukataa masharti aliyopewa kama mpinga vita, na libreto ya Priam aliiandika yeye. Hapo huhitaji kusema "huenda".

Kazi ya pili chukua Greek ya Mark-Anthony Turnage. Ni Oedipus, mfalme wa Thebes aliyemwua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua, aliyehamishiwa mashariki ya London wakati wa serikali ya Thatcher, kutoka kwenye tamthilia ya Steven Berkoff, na ilionyeshwa kwanza 1988 Munich, kwenye tamasha lililoanzishwa na Henze huyohuyo. Kwa hiyo mada yako inapata uzi wa kihistoria bila kulazimisha. Tauni ya Thebes inakuwa ukosefu wa kazi, ubaguzi na ghasia za mitaani. Waimbaji ni wanne tu: mmoja anaimba Eddy, ndiye Oedipus, na wale watatu wanagawana wahusika wengine wote. Angalia mgawanyo huo kwa makini. Anayeimba baba mlezi ndiye anayeimba pia meneja wa mgahawa na mkuu wa polisi. Ukiiona familia, biashara na dola vikitoka kooni mwa mtu mmoja, umepata fumbo lililojengwa ndani ya orodha ya waimbaji. Kwenye tukio la ghasia wapiga ala wenyewe wanaingia kwenye vurugu, wanapiga kelele na kukanyaga sakafu. Okestra imeacha kusindikiza, imekuwa mtaa.

Na mwisho Eddy anakataa kujitoboa macho. Hapo usiandike tu kwamba mtunzi amebadilisha kisa. Uliza kwa nini. Oedipus wa Sophocles anabeba adhabu ili mji upone. Eddy akikataa, tauni inabaki bila mtu wa kuibeba, maana chanzo chake hakikuwa kitandani mwa mtu mmoja.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika mada hizi ni kumpachika kila mhusika jina la mwanasiasa: huyu ni fulani, yule ni fulani. Fumbo la opera halishiki hivyo. Watu wa taarabu wanalijua jambo hili vizuri kuliko wahakiki wengi: wimbo wa mafumbo ukiwa na jina la mlengwa ndani yake, umekwisha kazi.

msoma_libreto:

Asanteni sana, hoja ya kwanza nimeifuta. Maswali mawili yamebaki. Nilitaka kuongeza Das Floss der Medusa ya Henze ya 1968 kama mfano wa kisa cha Medusa, ipo sawa? Na mavazi: libreto inamvalisha Tiresias kama padri mwandamizi wa Kianglikana, Agave na Autonoe mavazi ya Ufaransa ya Napoleon III, Pentheus kama mfalme mtawa wa zama za kati. Nayaacha kabisa au yana kazi?

mwamba_wa_bahari:

Medusa hiyo itoe, ndugu yangu. Ni jina la meli. Ni meli ya Ufaransa iliyokwama kwenye pwani ya Afrika Magharibi mwaka 1816, na watu wa chini wakaachwa kwenye chelezo. Halafu ni oratorio, yaani kazi ya waimbaji, kwaya na okestra isiyoigizwa, wala si opera. Ni kazi ya kisiasa waziwazi, na onyesho lake la kwanza Hamburg, Desemba 1968, lilivunjika kwa sababu ya bendera nyekundu jukwaani, lakini yule mwanamke mwenye nywele za nyoka hayumo. Mtego huu umewanasa wengi kwa sababu ya jina.

Mavazi usiyaache, ila yatumie kwa kazi yake. Yameandikwa ndani ya libreto, kwa hiyo ni ya waandishi, na kila mhusika anatoka karne yake. Maana yake ni kwamba kila mmoja anaishi ndani ya wakati wake mwenyewe na hawaonani. Tatizo ni kwamba maonyesho mengi hayayafuati. Basi kila ukitaja vazi, sema kama ni la libreto au la onyesho fulani. Picha zako za suti na miwani myeusi bila shaka ni za mkurugenzi.

Lakini kuna kitu kwenye maagizo hayohayo ambacho naona wote mmekipita, na kwa msikilizaji wa Kiafrika ndicho cha kwanza kuuliza. Mwisho wa opera, kwenye kaburi la Semele, libreto inaagiza masanamu mawili makubwa ya uzazi, la kiume na la kike, ya mtindo wa Afrika au wa visiwa vya Bahari ya Kusini. Watu wa Thebes wanasujudu mbele yake. Tazama jinsi ishara inavyofanya kazi: ustaarabu wa Ulaya umeanguka, na kinachoonyeshwa kama kilichobaki ni kinyago cha Kiafrika. Kwaya ilikuwa imeufunga mlango wa kusema wazimu ni wa wageni, pazia_jekundu amelieleza vizuri, halafu masanamu yanaufungua tena dakika za mwisho. Ni mgongano ndani ya kazi yenyewe. Usiufiche. Muziki unasema wazimu ni wa raia, jukwaa linasema umetoka mbali. Mkurugenzi anayeondoa masanamu hayo au kuyageuza kuwa ya mji wenyewe anachagua upande wa muziki, na mimi naona anachagua sahihi.

Mweke hapo Wole Soyinka kwa aya moja, ingawa yake ni tamthilia, hakuna opera. Mwaka 1973 aliiandika upya Bacchae kwa ajili ya National Theatre ya London, akaongeza kwaya ya watumwa wa Thebes. Kwa hiyo Dionysus anapokuja tayari kuna watu wenye sababu ya kumpokea. Mwisho wake kichwa cha Pentheus kinabubujika divai na watu wanakunywa. Kisa kilekile, miaka saba tu mbele: kwa Henze umati unasujudu, kwa Soyinka unashiriki kikombe. Tofauti inatoka kwenye swali moja la msingi, nani alikuwa chini kabla mungu hajafika, na Auden na Kallman hawakuliuliza kwa uzito huo. Mtumwa yumo kwenye libreto yao, lakini hapewi kwaya.

sauti_ya_nne:

Naingia kwenye klipu tu, maana dakika 30 zinaliwa haraka.

Klipu nne zinatosha, kila moja sekunde 60 hadi 90. Kabla ya kuicheza waambie kitu kimoja cha kusikiliza, kimoja tu: "hesabuni ni makundi mangapi yanaimba," au "nyoosheni mkono mkisikia vayolini." Icheze mara mbili. Mara ya kwanza sauti peke yake, bila video, kwa sababu jicho likishaona mavazi sikio linalala, na swali la msimamizi wako lilihusu muziki. Mara ya pili wape maneno kwenye karatasi kwa Kiswahili ulichotafsiri mwenyewe, mistari isizidi minane.

Anza na kitu chepesi kabla ya Henze. Chukua Orpheus kuzimu ya Offenbach, Paris 1858. Ni opereta, yaani opera nyepesi ya kuchekesha, lakini inafundisha kwa haraka. Miungu imechoka na utawala wa Jupiter, inaasi, na ndani ya uasi huo inachomoza Marseillaise, wimbo wa mapinduzi uliokuwa haukubaliki chini ya Napoleon III. Cheza Marseillaise kwanza, kisha kipande cha miungu. Wenye kusikia watatambua mara moja. Baada ya hapo wataelewa kwamba muziki unaweza kusema jambo ambalo maneno yamelinyamazia, na kwa Henze watasikiliza kwa subira.

Kisha mwanzo wa The Bassarids mpaka kwaya inapoanza kuondoka. Hapa klipu ipite sekunde 90 kama ni lazima, usiikate kabla ya Ayayalya. Ya tatu hema la Achilles: anza sekunde 30 kabla ya gitaa ili ukavu utangulie. Ya nne ghasia za Greek. Punguza sauti ya spika kabla, rekodi inaruka ghafla na vyumba vya mihadhara vinavuma.

Kwa fasihi, kumbuka kwamba Oedipus tunaye kwa Kiswahili, Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Wasomaji wengi wanamjua kwa jina hilo, kwa hiyo ukifika kwa Turnage litaje.

Na kama siku moja mtataka kuimba badala ya kuzungumza tu, angalieni Oedipus Rex ya Stravinsky ya 1927. Kwaya ni wanaume peke yao, teno na besi. Maneno yote ya kuimba ni Kilatini, na msimulizi amewekwa makusudi aongee lugha ya wasikilizaji. Japani 1992 aliongea Kijapani. Mkimweka msimulizi wa Kiswahili hamjabadilisha chochote, mmefuata nota. Kipande cha kwanza cha kwaya, watu wa Thebes wakimlilia mfalme awaokoe na tauni, teno na besi waliozoea Kilatini cha misa wanaweza kukianza kwa piano bila okestra. Gumu ni mapigo: yanarudiarudia bila huruma, na waimbaji wakianza kuyakimbiza mbele kipande chote kinageuka maandamano. Wafundisheni kwa kupiga meza kwanza, polepole, sauti baadaye.